Alama Ambazo Hazikufutwa

Al Warqa, Dubai
Ijumaa, 3 Februari 2006

Kwa mdogo wangu Cyrus,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, miguu tu ndiyo inalalamika. Mama aliniambia kwa simu ya rafiki yangu Judy kwamba ng'ombe amezaa, na kwamba Baba mdogo Zedekiya ameoa tena. Mwambie sijashangaa.

Barua zako zipitishie kwa Judy, kwa anwani ya hoteli anakofanya kazi kule Al Garhoud. Hapa posta haileti barua nyumbani, na simu yangu madam ameiweka kabatini kwake. Natoka Ijumaa moja kila wiki mbili, kwa hiyo ukichelewa kujibu mimi nitachelewa mara mbili.

Sasa nina swali, na nakuomba ulijibu kama swali.

Nyumba hii ina watu wanne. Madam anaitwa Hilwa, mumewe Maan, na mama yake Maan ni Bi Zein. Asili yao Unguja, ndiyo maana tunaongea Kiswahili. Mtoto ni mmoja, Rawan, ana miaka sita. Cyrus, huyu mtoto anakula. Usifikirie kula kwa watoto wengine. Juzi nimemkuta akitafuna siagi pamoja na karatasi yake. Amekula maganda ya viazi ndani ya pipa la taka. Amekula dawa ya meno, bomba zima. Ukimnyima anapiga kelele mpaka majirani wanachungulia, anajikwaruza mikono mpaka inatoka damu, halafu anakuja kushika gauni langu: "Samahani, Rispah." Ni mfupi kwa umri wake, vidole vyake vidogo kama vya mtoto wa miaka mitatu. Na cha kushangaza, madam anasema alipozaliwa alikuwa mlegevu, hakuweza hata kunyonya. Miezi miwili alilishwa kwa mpira wa puani.

Wiki iliyopita wamekuta biskuti chini ya godoro lake. Wanasema ni mimi ninayempa. Bwana amesema mtoto akiongeza kilo nyingine kufika mwezi wa nne, ananirudisha kwa wakala aliyenileta.

Wewe unayesoma mambo ya ndani ya seli huko Njoro, je, kuna ugonjwa wa namna hii? Jibu ndiyo au hapana.

Dada yako,
Rispah


Njoro
27 Februari 2006

Mpendwa dada Rispah,

Nafurahi kusikia u mzima. Sisi huku tunasukuma siku. Ng'ombe amezaa dume, Mama amenuna. Utafiti wangu wa ndizi unanitoa jasho: umeme ulikatika siku mbili, na vimeng'enya vyangu vyote vya kwenye friza vimeharibika. Vimeng'enya ni zile protini zinazofanya kazi ndani ya seli, na kuviagiza tena ni miezi mitatu. Profesa ananiangalia kana kwamba ni mimi niliyezima taa.

Jibu lako ni ndiyo. Nadhani ni ndiyo. Lakini nikikuandikia ndiyo peke yake hutaelewa, kwa hiyo vumilia.

DNA imeandikwa kwa herufi nne. Juu ya herufi moja, ile ya C, seli hubandika alama ndogo ya kemikali: kaboni moja na hidrojeni tatu, basi. Alama hiyo haibadilishi herufi, ila inaizuia seli kusoma jeni iliyo mahali hapo. Seli ya jicho lako na seli ya ini lako zina DNA ile ile. Kinachozitenganisha ni jeni zipi zimenyamazishwa wapi. Kuna vimeng'enya vinavyobandika alama hizi. Seli inapojigawa, kimoja kinapita juu ya uzi mpya na kubandika tena pale pale palipokuwa na alama kwenye uzi wa zamani. Kisipopita, alama inapotea yenyewe baada ya migawanyiko michache. Kuna nyakati pia seli inazifuta kwa haraka, na ni nani hasa anayezifuta, wakubwa zangu bado wanabishana. Hata ndizi zangu zinazotoka na majani yaliyokunjamana zina DNA sawa na ndizi zenye afya. Alama ndizo zilizovurugika.

Sasa mtoto wako. Kila mtu ana kromosomu mbili za namba kumi na tano, moja ya mama na moja ya baba. Kuna kipande ambapo ya mama ina alama, nayo imenyamaza maisha yote. Ya baba haina alama, na hiyo peke yake ndiyo inayofanya kazi. Ikikosekana hiyo ya baba, mtoto anazaliwa mlegevu, hanyonyi, halafu akifika miaka michache njaa inamwanza na haiishi. Ubongo haupati habari kwamba tumbo limejaa. Ugonjwa huu umepewa majina ya madaktari wa Uswisi, Prader na Willi. Unapimwa kwa damu: wanaangalia alama kwenye kipande hicho.

(Kurasa mbili zinazofuata nimekuchorea.)

Wapimwe haraka. Watoto hawa ni nadra kutapika au kusikia maumivu, kwa hiyo wanaweza kula mpaka tumbo likapasuka.

Mdogo wako,
Cyrus


Al Warqa
Ijumaa, 24 Machi 2006

Cyrus,

Salamu kwako, na Mama mwambie dume nalo linauzwa.

Nimekuomba neno moja ukanitumia kurasa nne na michoro. Nimeisoma barua yako bafuni nimesimama, mara tatu, bomba la maji limefunguliwa ili wasiniulize ninafanya nini humo. Mara ya tatu nikaelewa. Nikakasirika zaidi. Sasa nifanyeje nayo? Niende kwa madam na michoro ya ndizi? Mimi hapa ni wa kufua na kupiga pasi. Siwezi kumwambia mtu "mwanao anaumwa kromosomu ya kumi na tano" huku nimeshika ndoo.

Niandikie nusu karatasi, kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kama daktari anavyoandika. Jina la ugonjwa, dalili na jina la kipimo. Usiniwekee ndizi.

Mtoto ameongeza kilo mbili. Bwana hasemi na mimi, ananionyesha kwa kidole. Bi Zein yeye anamtupia madam maneno mezani: "Mie nimezaa saba, hakuna hata mmoja aliyekuwa na njaa ya namna hii. Hii haikutoka kwetu." Madam anainamisha kichwa kwenye sahani. Lakini huyu bibi, Cyrus, ndiye mtu pekee humu ndani anayeniuliza kila siku, "Rispah, umekula?"

Usiniulize nani anampa mtoto biskuti. Mimi simpi.

Rispah


Njoro
20 Aprili 2006

Dada,

Sisi wazima. Baba mdogo Zedekiya anatafuta mtu wa kumwazima suti, usishangae tena.

Nusu karatasi hiyo hapo ndani. Herufi kubwa. Hakuna ndizi.

Ila na mimi nina swali la mstari mmoja. Umeandika "mimi simpi". Hukuandika "hapewi". Unanitumia habari nusu kisha unakasirika nikikujibu nzima. Nani anampa?

Cyrus


Al Warqa
Ijumaa, 19 Mei 2006

Mdogo wangu,

Salamu. Nimepunguza uzito, wewe utakuwa umeongeza kwa kukaa na vitabu. Mwezi wa nne umepita sijarudishwa kwa wakala, maana mwingine hajapatikana. Mama asiambiwe yaliyomo humu.

Ile karatasi nilimpa madam Jumapili moja alipokuwa peke yake. Akaisoma amesimama. Uso ukabadilika. "Nimekuajiri uoshe vyombo au unipimie mtoto?" Akaichana mara mbili mbele yangu. Nikaokota ndoo yangu nikaenda zangu juu. Nilijisemea, khalas, yamekwisha, kama ni kupona watapona bila mimi.

Siku ya nne, baada ya chakula cha mchana, madam alikuwa anaongea na simu ukumbini na mimi nilikuwa naanika nguo. Rawan akafungua friza ya ghala. Tulikuwa tumetengeneza sambusa za wageni, mbichi, zimeganda kama mawe. Alikula sinia nzima, Cyrus. Mbichi na barafu yake. Nilimkuta amekaa chini, tumbo limevimba, limekaza kama ngoma, na hakuwa analia. Ndicho kilichonitisha. Mtoto mwingine angekuwa anapiga mayowe. Yeye akaniambia, "Rispah, naona baridi," na bado mkono ulikuwa unatafuta kilichobaki.

Hospitali walimkimbiza ndani. Daktari, Msudani, akauliza, "Ametapika?" Madam akajibu, "Huyu hajawahi kutapika tangu azaliwe." Daktari akamtazama mtoto vidole, akamtazama macho. Ndipo madam akafungua mkoba wake na kutoa ile karatasi. Alikuwa ameiunganisha kwa utepe wa gundi, vipande vyote vinne. Daktari akasoma. "Nani ameandika hii?" Madam akasema, "Ndugu wa msichana wangu." Ni mara ya kwanza nasikia mtu wa nyumba ile anasema nina ndugu.

Tumbo halikupasuka. Walimtia mpira, wakamlaza siku tano. Damu imepelekwa Ulaya, majibu ni baada ya wiki kadhaa. Bwana alikuja akauliza nani aliacha friza wazi, akaniangalia mimi. Bi Zein naye aliniangalia, kisha akaangalia dirisha.

Swali lako nimelisoma. Sina jibu lake leo.

Rispah


Njoro
12 Juni 2006

Dada Rispah,

Salamu. Habari za nyumbani ni njema, mahindi yamefika magotini.

Sina jibu lake leo! Dada, mtoto nusura afe. Hakuna kipimo cha Ulaya kitakachomsaidia ikiwa kuna mtu ndani ya nyumba anayempa chakula kwa siri. Nakuomba uniambie, au umwambie madam. Mimi nikikosa kusema jambo, wa kuumia ni mimi na ndizi zangu. Huko kuna mtoto.

Kazi yangu inaendelea vizuri.

Cyrus


Al Warqa
Ijumaa, 21 Julai 2006

Kwa Cyrus, mwanafunzi wa Njoro,

Salamu. Juu ya barua umeandika Njoro, lakini muhuri wa posta unasema Nyamira. Njoro imehamia Nyamira lini? Nilimpigia Mama kwa simu ya Judy. Nikamuuliza, "Cyrus yuko wapi?" Akaanza kuniambia habari za mahindi. Mnanichosha, nyote wawili. Kisha unanifundisha mimi kusema ukweli.

Majibu yametoka. Ulikuwa sahihi: kipande kile kina alama pande zote mbili, hakuna upande unaofanya kazi. Madam alilia, halafu akatulia kuliko nilivyowahi kumwona. Miaka sita anaambiwa hajui kulea. Sasa ugonjwa una jina na chakula cha mtoto kina kipimo chake.

Lakini wakachukua damu ya madam na ya bwana, na hapo mambo yakageuka. Daktari anasema watoto wengi wenye ugonjwa huu, kipande cha baba kimekatika, hakipo. Wengine wamepata kromosomu mbili kwa mama na hawakupata ya baba. Rawan ya baba anayo, nzima, haijakatika. Ila imebandikwa alama kama ya mwanamke. Daktari anasema ni nadra sana, na sasa anataka damu ya Bi Zein. Bwana alitafsiri kwa haraka haraka, uso mwekundu. Bi Zein akasimama pale pale: "Damu yangu mie? Mgonjwa ni mjukuu, mnanitafuta mimi? Kama mwanamke kashindwa kuzaa watoto wazima, Maan na aoe mwingine." Alisema hivyo mbele ya daktari.

Madam amefunga nguo zake. Mabegi matatu yamesimama ukumbini, anasema anarudi kwa wazazi wake Sharjah. Hajaenda. Bwana hajamzuia. Kila siku nafagia kuyazunguka.

Nieleze, kwa ufupi kama unaweza, kwa nini damu ya bibi.

Rispah


Nyamira
16 Agosti 2006

Dada yangu,

Nakusalimu kutoka nyumbani, chumba changu cha zamani, mbuzi wanapiga kelele dirishani.

Nimeacha masomo tangu Mei. Profesa alipata kazi nje ya nchi akaondoka na mradi wake. Friza ikazimika mara ya tatu. Nikafunga mizigo. Ninafundisha bayolojia katika shule ya sekondari hapa jirani. Sikukuambia kwa sababu ulisema umeenda huko ili mimi nimalize. Mama nilimwomba anyamaze, usimgombeze. Basi, nimesema.

Sasa damu ya bibi. Hili nililisoma miaka mitatu iliyopita, sikudhani nitalikuta kwa mtu ninayemjua jina. Ni jambo zuri ajabu, dada, sikiliza.

Maan alipozaliwa, kromosomu moja ya kumi na tano aliipata kwa mama yake, Bi Zein. Ilikuwa na alama za mwanamke, na ni sawa kabisa. Lakini mwili wa Maan unapoanza kutengeneza mbegu, kazi ya kwanza ni kufuta alama zote za zamani, za mama yake na za baba yake. Kisha zinaandikwa upya, za kiume. Hii inafanyika kwa kila mwanamume. Kwa mwanamke vivyo hivyo, zinafutwa na kuandikwa za kike. Kila kizazi kinafuta na kuandika tena. Katika mbegu moja ya Maan, mahali pamoja, kufutwa hakukufanyika. Mbegu hiyo ndiyo Rawan. Kwa hiyo mtoto ana alama za mama yake, zilizo mahali pake, na alama za bibi yake, ambazo zilitakiwa ziwe zimekwisha.

Damu ya bibi itaonyesha kama kromosomu ile ni yake kweli. Na wakikuta hakuna kasoro katika herufi zenyewe, basi ilikuwa bahati mbaya ya mara moja. Mtoto mwingine wa Hilwa na Maan hatakuwa kwenye hatari kuliko mtoto wa mtu yeyote. Ndiyo maana bibi lazima akubali. Hakuna aliyekosea humo, si Hilwa, si Maan wala si bibi mwenyewe. Hakuna aliyekula kitu au kufanya kitu.

Nisamehe kwa Nyamira.

Cyrus


Al Warqa
Ijumaa, 22 Septemba 2006

Cyrus,

Salamu. Huku Ramadhani inaanza keshokutwa, jikoni hapakaliki.

Kwanza, umeandika "zuri ajabu". Siku utakapomwosha mtoto vidonda alivyojichimba mwenyewe kwa sababu umemnyima ndizi, ndipo uniandikie tena neno hilo. Nilitaka kukurudishia barua. Pili, habari za masomo yako tutazungumza, na si kwa upole. Tatu, barua yako imefanya kazi ambayo daktari na bwana walishindwa. Ninakuandikia yote.

Jumanne tulikuwa jikoni, Bi Zein na mimi, tunachagua mchele. Nikamwambia, "Bibi, kwa nini hutaki kutoa damu?"

"Damu yangu ya nini? Mie mzima."

"Naweza kukueleza ilivyo?"

"Weye? Daktari kashindwa, weye utaweza?"

"Daktari alisema kwa Kiingereza, bwana akafasiri, nusu akaimeza."

Akacheka kidogo. "Haya, sema."

Nikasema. Nilisema kwa maneno yangu, mkono kwenye mchele ili nisimtazame usoni. Kwamba kila mwanamke duniani anampa mtoto sehemu iliyonyamazishwa, yeye, mama yangu, mimi nikijaliwa. Kwamba bwana Maan alizaliwa na alama zake yeye bibi na ilikuwa sawa. Kwamba mwili wa mwanamume unatakiwa uzifute kabla hajawa baba, na kwa mbegu moja tu hazikufutwa. Kwamba Rawan ana alama za mama yake na za bibi yake, na kwa hiyo hakuna upande unaomwambia ameshiba.

"Nani hakufuta?" akauliza.

"Hakuna mtu, bibi. Ni ndani ya seli. Hakuna anayeona wala kuhisi."

"Kwa hivyo mtoto yule kabeba changu."

"Ndiyo, bibi."

"Si cha Hilwa."

"Cha Hilwa pia anacho, lakini kiko mahali pake."

Akaacha mchele. Mimi nami, sijui nguvu nilitoa wapi, nikasema, "Hata umpe halua sinia nzima, bibi, hatashiba. Hasikii shibe."

Akageuka. "Kumbe ulijua."

"Tangu mwezi wa kwanza."

"Na wakakutia weye makosani, ukanyamaza."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Wewe ulikuwa unaniuliza kama nimekula."

Jibu lako ndilo hilo, Cyrus. Ni yeye. Alikuwa anamwita mtoto chumbani kwake anampa halua na biskuti na mkate wa ufuta, kwa sababu mtoto akilia kwa njaa bibi hawezi kuvumilia. Mimi niliona. Nilihofia nikisema nitafukuzwa kwa kumsingizia mkubwa, lakini si hivyo tu. Sikutaka kumpoteza mtu mmoja aliyeniona mimi ni mtu. Na ile siku ya sambusa, mkono wangu ulipokuwa juu ya tumbo la yule mtoto, nilijua kabisa ninachoficha, na bado sikusema. Sitalisahau hilo.

Bibi akaenda chumbani, akarudi na makopo matatu, akayapanga mezani. "Mwite Hilwa."

Madam akaja. Akatazama makopo. Bibi akasema, "Nilikuwa nampa mie. Si huyu msichana. Na ugonjwa umepita kwangu, haukutoka kwako. Miaka sita nimekusema bure." Madam akafungua kopo moja, akanusa. Akanigeukia mimi. "Na wewe ulijua?" Nikasema ndiyo, madam. Akachukua makopo, akamwaga yote kwenye mfuko wa taka, akaufunga, akautoa nje mpaka barabarani yeye mwenyewe, na jua lile. Mpaka leo hajanisemesha.

Alhamisi bibi alitoa damu. Ungekuwepo ungekufa kwa hasira. Kwanza anataka muuguzi mwanamke. Kisha mkono wa kulia hataki, wa kushoto mshipa hauonekani. Kisha anataka ahakikishiwe kwamba itakayobaki haitapewa mtu mwingine. Saa nzima. Daktari akaniangalia mimi kana kwamba nimemleta makusudi.

Rispah


Nyamira
9 Oktoba 2006

Dada,

Huku salama. Mvua ni nyingi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nilikuwa na maneno makali tangu Aprili, nimeyatafuta leo siyapati. Ulikosea, na wewe mwenyewe umeandika hivyo. Lakini mbona ulifika mwaka wa pili katika nyumba ya watu ambapo salamu ya kuulizwa kama umekula ilikuwa ghali namna hiyo, na barua zako zote umeniandikia "mimi ni mzima"?

Neno langu "zuri" nalifuta.

Cyrus


Al Warqa
Ijumaa, 8 Desemba 2006

Mdogo wangu Cyrus,

Nakusalimu sana, na Mama, na hata Baba mdogo na bibi harusi wake. Mimi si mzima sana, mgongo unauma na nimechoka. Naandika hivyo ili usinisemee tena.

Majibu ya mwisho yametoka. Kromosomu ni ya Bi Zein, kama ulivyosema, na herufi zake hazina kasoro yoyote. Madam alinichukua niende naye nimshike Rawan. Daktari aliposema kwamba mtoto mwingine hatakuwa kwenye hatari kuliko watoto wengine, madam akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba tena. Mara ya tatu bwana akatoka nje ya chumba, tukamkuta kwenye gari, macho mekundu, anajifanya anatafuta risiti ya maegesho.

Tulipofika nyumbani tulimkuta Bi Zein mlangoni. Alikwisha kufungua yale mabegi ya ukumbini akarudisha nguo zote kabatini, moja moja, mwenyewe, na mgongo wake ule. Alikosea rafu zote. Madam aliangalia, akaacha vilevile. Hawajawa marafiki. Wanakunywa chai meza moja.

Na mimi madam aliniita. "Sijasahau ulichoficha," akasema. "Sitasahau upesi. Lakini Rawan anakutaka wewe, na wewe unaujua ugonjwa wake kuliko mtu yeyote hapa." Nikamwambia nitakaa mpaka mkataba uishe mwezi wa nne, nitamfundisha atakayenifuata, kisha nitarudi nyumbani. Kwa hiyo una miezi minne, Cyrus. Nikifika nisikukute Nyamira. Vyuo viko vingi na maprofesa wengine wapo.

Sasa nikuandikie ya jana. Daktari alisema jikoni pafungwe kwa ufunguo, friji, ghala, kila kitu, na chakula kiwe kwa saa, kimeandikwa ukutani. Bi Zein akapiga kelele, mtoto atafungiwa chakula kama mfungwa! Mimi pia moyo ulikuwa mzito. Seremala alikuja kutoka Al Quoz, Mpakistani, akatia kitasa. Rawan alisimama nyuma yake muda wote, ameshika mdoli. Tulijua akiondoka tu itakuwa vita. Madam alikaa tayari na taulo la kumfunga mikono asijikwaruze.

Seremala akaondoka. Nikafunga, nikatia ufunguo mfukoni.

Rawan akaja mlangoni. "Rispah, umefunga?"

"Nimefunga."

"Kweli kweli?"

"Kweli. Chakula chako ni saa saba, samaki na maboga. Kimeandikwa pale."

Akashika kitasa kwa mikono yote miwili akakitikisa. Akakitikisa tena kwa nguvu. Mlango haukufunguka. Nikasubiri kelele.

Akashusha pumzi, Cyrus, pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Mabega yake yote yakalegea. "Basi," akasema. Akaenda ukumbini, akajilaza kwenye zulia na mdoli wake, na kabla madam hajamaliza kukunja taulo alikuwa amelala.

Dada yako,
Rispah